Bodi Isiyosumbua: Mwongozo kwa Wenye Darasa la Muziki Lushoto

Darasa lako la muziki limekolea. Vijana wanaoshinda sokoni wakipakia kabichi kwenye Fuso wanakuja jioni kupuliza tarumbeta. Wasichana ambao shangazi zao walikwisha kuwatafutia kazi za ndani Dar es Salaam wameanza kukizoea kinanda. Jirani aliyekuwa akilalamikia kelele, siku hizi analalamika msipofanya mazoezi. Mambo yalikwenda vizuri hadi Afisa Maendeleo ya Jamii alipokuuliza, kwa upole kabisa: "Na wadhamini wenu ni akina nani?"

Usitishike. Ukiufuata mwongozo huu utapata bodi yenye majina mazito, picha nzuri ya kutundika ukutani, na amani isiyovurugwa na swali lolote.

Hatua ya kwanza: Usiisome sheria

Sheria ya wadhamini, Sura ya 318 ya sheria za nchi, ina tabia mbaya ya kueleza mambo waziwazi. Inasema wadhamini wakishasajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) wanakuwa nafsi moja mbele ya sheria: wana lakiri, wanaweza kumiliki kiwanja, kushtaki na kushtakiwa, na bodi haifi hata mmoja wao akifariki. Kwa maneno mengine, tarumbeta zenu si za mwalimu, si za mfadhili, wala si za kwako uliyezihangaikia. Zinashikwa na bodi kwa niaba ya vijana. Mtu akilijua hilo anaweza kutaka kujua zinalala wapi, ufunguo anao nani, na nani hubaki na watoto jioni mazoezi yakiisha. Ndiyo sababu ya kuificha Sura ya 318.

Kwa bahati mbaya Lushoto ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kwa hiyo mji una wanasheria wengi kuliko unavyohitaji. Ukikutana na mhadhiri wa huko, zungumzia baridi ya mwezi wa saba. Mtu wa namna hiyo ukimpa katiba yenu ataisoma, na akiisoma atagundua mlinakili ile ya wafuga nyuki, pamoja na kifungu cha mizinga.

Hatua ya pili: Anzia kwenye maegesho

Mwenyekiti hatafutwi kwenye mazoezi. Nenda kwenye harusi au msiba mkubwa, simama pale magari yanapoegeshwa, uhesabu. Aliyekuja na V8, akakalishwa meza kuu, na mshereheshaji akamtaja mara tatu kabla ya chakula, huyo ndiye. Usimuulize kama ana nafasi. Mwenye nafasi hana jina. Usimuulize anapenda muziki gani, asije akadhani kuna mtihani. Mwambie tu, "Mheshimiwa, tunaomba uwe baba yetu," naye atakubali kabla hajajua ni baba wa nini.

Watakuwepo wakorofi wa kukukumbusha Mbegha. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anasimulia jinsi mwindaji huyo alivyoingia milima hii akiwa mgeni kutoka Nguu, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mashamba, akawagawia watu nyama, mpaka watu wa Vuga wakampa utawala. Alifanya kazi kwanza, cheo kikamfuata. Utaratibu huo umepitwa na wakati. Siku hizi cheo hutangulia, na nyama huliwa kikaoni.

Hatua ya tatu: Kila mlima upate wake

Bodi ya Usambara lazima iwe na mizani. Weka mmoja wa Mlalo, mmoja wa Mtae, mmoja wa Soni, na wa Bumbuli asisahaulike, maana atasikia. Kisha tafuta shekhe na mchungaji, wakae kushoto na kulia kwa mwenyekiti. Mama mmoja pia anahitajika. Mpe uweka hazina, halafu kitabu cha benki abaki nacho mtu mwingine.

Hapa kuna mtego, uuruke. Milima hii ina watu wanaoujua muziki kwa kuufundisha. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Mlalo mwaka 1891, na leo si ajabu kumkuta mzee wa usharika anayepuliza tarumbeta tangu ujana wake, anayesoma nota bila miwani na kuifungua vali iliyokwama kwa dakika chache. Yupo mwalimu wa madrasa ambaye kwa kuinua kidole tu watoto wote huanza kaswida pamoja, na dufu likaingia mahali pake. Wapo wazee wa mdumange, ngoma iliyokuwepo kabla ya tarumbeta kuonekana, wanaojua kijana gani ana mkono wa ngoma na yupi ana fujo tu.

Watu kama hawa wakiingia kwenye bodi watataka kusikia watoto wanapiga nini. Kwa hiyo mchague shekhe asiyeijua madrasa hiyo na mchungaji asiyewahi kukaa na kundi la tarumbeta. Wale mafundi nao wasisahauliwe. Waite siku ya uzinduzi, watumbuize wadhamini wakati wa chakula.

Hatua ya nne: Jaza ndugu

Kiti kikibaki, mpe mdogo wako. Kikibaki kingine, mpe shemeji. Faida yake ni kwamba akidi inaweza kutimia jikoni kwenu.

Watakuletea tena historia. Watasema mfalme Kimweri ye Nyumbai naye aliwagawia wanawe utawala wa maeneo mbalimbali, na alipofariki mwaka 1862 mjukuu wake Shekulwavu akakaa Vuga, Semboja wa Mazinde, mwana wa Kimweri, akamkatalia, na nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi. Wajibu kwamba wale waligombea himaya na njia ya misafara. Nyinyi mtagombea kinanda kimoja na jenereta, jambo ambalo kikao cha ukoo kinaweza kulimaliza, kinanda kikishauzwa.

Hatua ya tano: Vikao vifanyike mbali na watoto

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona, na masika huongeza udongo barabarani. Si adabu kumpandisha mtu mzito njia hiyo. Wadhamini wakutane Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye viyoyozi, ambako hakuna hatari ya kumsikia kijana akirudia skeli ileile mara kumi.

Ratiba nzuri ni hii: sala mbili, utambulisho wa wajumbe (kila kikao, maana hawakumbukani), kusoma muhtasari uliopita, kushangaa kwamba hakuna kilichotekelezwa, chai na vitafunwa, posho, picha. Mwalimu wa muziki akiomba nauli ya watoto wanaotoka mbali au mafuta ya vali, suala lake liwekwe kwenye "mengineyo". Mengineyo hufikiwa wakati Mheshimiwa ana kikao kingine.

Kuhusu benki, msisumbuane. Watia sahihi watie sahihi kitabu kizima cha hundi siku moja, wakakuachia. Ni ishara ya kuaminiana, na mkaguzi wa hesabu akija ataona mwandiko unaofanana toka mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya sita: Mdhamini haondoki

Sheria inataka mabadiliko ya wadhamini yapelekwe RITA. Puuza. Aliyehamia Mwanza abaki, aliyejiuzulu kwa barua abaki, hata aliyezikwa abaki, kwa kuwa jina lake bado linapendeza kwenye karatasi yenye nembo. Huenda ukapata wasiwasi kidogo ukikumbuka kwamba RITA hiyohiyo ndiyo inayosajili vizazi na vifo, na pia inashughulika na ufilisi. Usijali. Taarifa hizo zitakutana siku mtakapotaka kuuza kiwanja, au siku mfadhili atakapoomba orodha halisi ya wadhamini walio hai.

Na mfadhili asikutishe. Akiuliza darasa litaishije akiondoka, mwonyeshe picha ya bodi. Asitokee mtu wa kumtajia Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe kilichoanzishwa mwaka 2001. Kimewafundisha Wazanzibari taarabu, ngoma na kidumbaki kwa ada ndogo isiyotosha kukiendesha, na pamoja na sifa zake zote kimewahi kufika ukingoni mwa kufungwa kwa kukosa fedha. Hadithi kama hiyo inaweza kumfanya mtu aamini kwamba kazi ya mdhamini ni kuketi na hesabu miaka miwili kabla ya hela kuisha, wakati sisi tunajua kazi yake ni kukata utepe.

Tahadhari ya mwisho

Hata uwe makini namna gani, kuna siku atajipenyeza mtu asiyefaa. Utamtambua haraka. Huja kwenye mazoezi bila kualikwa, huketi benchi la nyuma, huuliza orodha ya vyombo na jina la mtoto ambaye hajaonekana wiki mbili. Dawa yake ipo: mpandishe awe "mlezi". Mlezi huheshimiwa sana, hupewa shada la maua, na hana kura.

Kundi gumu zaidi ni vijana wenyewe. Mwaka 1996 jijini Kampala watoto wa mtaani walianzisha M-Lisada bila kusubiri mwenyekiti mwenye gari. Bendi yao ya tarumbeta ikawa kimbilio la watoto wengine. Huko Korogocho, Nairobi, waliojifunzia kwenye mradi wa muziki wa Ghetto Classics ulioanza mwaka 2008 wamekuwa walimu wa wadogo zao. Mwanafunzi akishafika hapo anajua chombo kipi kimepotea, mwalimu yupi hulewa, na mzazi yupi anafaa kutembelewa. Hizi ni taarifa ambazo bodi yako imeepuka kwa gharama kubwa.

Kwa hiyo linda siri moja tu: kwamba mhitimu wako aliyekwisha kuwa mtu mzima naye anaweza kuwa mdhamini. Mwache aendelee kupanga viti na kumpigia Mheshimiwa wimbo wa kumkaribisha. Akiijua siri hiyo ataomba fomu, na fomu ya wadhamini haina mahali pa kujaza aina ya gari.