Ngeli za Asante, kwa Kuanzia Nkoma

Mwaka 2012 kata ya Nkoma ilitoka Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, ikaingia Itilima, Mkoa mpya wa Simiyu, bila kusogea hata hatua moja. Mtafiti wa shukrani na aanzie hapo, maana asante nayo hutembea kutwa nzima ikabaki palepale.

Ngeli ya kwanza ni ya kupokezana. Mgeni aliyefungashiwa kuku anasema kwa Kisukuma "wabeja sana"; mwenyeji, ambaye kuku ni wake, anashukuru kwa kutembelewa; mgeni anashukuru kwa kushukuriwa. Kwa Kiswahili chombo rasmi cha mchezo huu ni "asante kushukuru". Nadharia inayotawala (nami ndiye mfuasi wake pekee) inasema anayenyamaza kwanza ndiye anayebaki na deni, ndiyo sababu mgeni husindikizwa hadi barabarani: kuku yule anaendelea kujadiliwa.

Ngeli ya goti haina mengi: mikono miwili, goti chini, mdomo si lazima. Tope jeusi la mbuga si udhuru.

Inayosumbua wataalamu ni asante kwa kazi isiyokuhusu. Unapita kando ya shamba la pamba, unamwambia mwenyewe "pole na kazi". Pamba ni yake, jasho ni lake, naye anajibu "asante, nimeshapoa", jembe likiwa bado hewani. Waganda wana "gyebale ko", nao humshukuru mtu hivyo hivyo kwa kujilimia shamba lake. Mchumi atauliza nani kamfaidisha nani. Mwacheni aulize.

Kisha kuna neno la shukrani, ngeli ndefu kuliko zote. Mtoa neno hutangaza kwamba itifaki imezingatiwa, halafu anaizingatia upya, cheo baada ya cheo. "Sina mengi" ni dalili ya hatari. Makofi ya kilo hupigwa kumtia moyo amalize, yeye akayapokea kama ombi la kuendelea. Tangazo la shukrani la familia ya marehemu hufuata kanuni hiyo hiyo: si rahisi kumtaja kila mmoja, kwa hiyo wanatajwa madaktari, majirani, kwaya na wafanyakazi wenzake. Aliyesahaulika hukumbuka kwa miaka.

Asante ya dukani Nairobi, inayojibiwa "karibu" na mambo yakaisha, sikuiainisha. Ni risiti tu.

Imebaki ngeli moja changa, inayokuja kabla ya fadhila yenyewe. Huishi mwishoni mwa kadi ya mchango wa harusi: "Natanguliza shukrani." Haijibiwi kwa mdomo. Chini yake pana namba ya simu ya mweka hazina, pamoja na jina litakalotokea utakapotuma.