Inaingia, Kaka: Juu ya Kompyuta ya Gemu ya Bei Nafuu

Kompyuta ya gemu inayoundwa kwa fedha kidogo, kama inavyojulikana Kariakoo na katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, kwa kawaida haianzi na kasha jipya lenye kioo na taa za rangi, bali huanza na mashine ya ofisi ya mtumba, hasa Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ambayo imetumikia miaka kadhaa huko Uingereza ikiandika barua na kukokotoa mishahara, na ambayo sasa, uzeeni, inatakiwa ikimbize magari na kupiga risasi. Prosesa ya mashine hiyo, yaani kipande kinachofanya hesabu zote, mara nyingi si mbaya hata kidogo. Kinachokosekana ni kadi ya michoro, ambayo ndiyo inayochora picha za gemu mara 60 au zaidi kwa sekunde. Mjenzi, ambaye aghalabu ni kijana mwenye akiba ndogo na imani kubwa, huondoka nyumbani akiwa na hakika kwamba kazi iliyobaki ni kuinunua kadi hiyo, kuichomeka na kuanza kucheza kabla ya magharibi.

Kinachomtia hofu njiani ni kununua kifaa kisichoingia, na hofu hiyo, ikichunguzwa, imeelekezwa kusikostahili, kwa kuwa kifaa kisichoingia hakimdanganyi mtu. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ambayo hufutika umeme unapokatika, ni mfano mwema wa uaminifu huo: kijiti cha DDR3 kina pini 240 na cha DDR4 kina 288, na hata DDR5, ambayo nayo ina 288 na kwa hiyo ingeweza kumhadaa mwenye kuhesabu, imekatwa pengo lake mahali tofauti, hivi kwamba haikai katika ubao mama wa DDR4, yaani ubao unaoshika vifaa vyote vya mashine, mpaka kitu kivunjike. Mnunuzi hugundua kosa siku hiyohiyo, hurudi dukani, na hubadilishiwa iwapo alikumbuka kudai risiti. Balaa halisi huletwa na vifaa vinavyoingia vizuri, vikatoa ule mlio mtamu wa kukaa mahali pake, kisha vikakataa kazi.

Katika udanganyifu wa namna hii hakuna kilichoifikia soketi, yaani kitako cha kukalia prosesa, ambayo Intel iliipa jina la LGA 1151 kwa sababu ya viguso vyake 1151. Prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 hukaa humo. Zile za kizazi cha 8, zilizoingia sokoni kwa kompyuta za mezani mwezi Oktoba 2017, nazo hukaa humo, hubanwa kwa kitasa kilekile, na hazifanyi chochote, kwa kuwa Intel ilibadilisha kazi ya baadhi ya viguso na kuzitaka prosesa hizo zifuatane na chipseti mpya, yaani zile saketi za ubao mama zinazosimamia mawasiliano baina ya prosesa na vifaa vingine. Mwenye OptiPlex 7050, ambayo ni mashine ya kizazi cha 7, akisikia kwamba Core i5-8400 ina viini sita ilhali yake ina vinne, huuliza dukani kama itaingia, na muuzaji, ambaye ni mcha Mungu na hapendi uongo, humjibu, "Inaingia, kaka." Jibu hilo ni la kweli kabisa, na ugomvi utakaofuata kesho yake hautaweza kulitia doa.

Kambi ya AMD, mshindani wa Intel, ina utaratibu wa kistaarabu zaidi, kwani soketi yake ya AM4 imepokea vizazi vingi vya prosesa za Ryzen, lakini nayo haikukosa kichekesho chake. Ubao wa chipseti ya B450, uliotoka mwaka 2018, unaipokea Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 kwa sharti kwamba BIOS yake, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya ubao ili kuiamsha mashine, iwe imekwisha kusasishwa. Na kwa ubao usio na kitufe maalumu cha kazi hiyo, kusasisha kunahitaji mashine iwake, na kuwaka kunahitaji prosesa ya zamani, ambayo mjenzi hana, kwa sababu alikuwa anajaribu kubana matumizi. Hapo ndipo vijana wa mtaa mzima huanza kutafutana ili kuazimana prosesa kwa nusu saa, na mwenye nayo huketi pembeni ya meza bila kuiondolea macho.

Hata hivyo ni kadi ya michoro inayostahili sura yake yenyewe katika historia ya mikasa hii. OptiPlex ya kasha jembamba hupokea kadi fupi tu, na ile ndefu hugota kwenye mfuniko, jambo ambalo, kwa kipimo kilichokwisha kutajwa, ni la uaminifu, ingawa wapo wanaolitatua kwa kuuvua mfuniko moja kwa moja na kuiacha mashine wazi mpaka mwisho wa maisha yake, kwa maelezo kwamba hivyo inapata hewa. Baada ya kimo huja umeme. Sloti ya kadi katika ubao mama hutoa wati 75 kwa wingi wake, na kadi inayohitaji zaidi huletewa umeme kwa waya wa ziada wenye plagi ya pini sita au nane, waya ambao pawa saplai ya ofisi, yenye jumla ya wati 180 au karibu na hapo, haikupewa kamwe, kwa sababu aliyeiunda hakutarajia kwamba mhasibu angehitaji vivuli halisi juu ya maji. Kwa sababu hiyo GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zimepata heshima kubwa katika soko la mtumba, kwani zote mbili hutosheka na zile wati 75. Ila baadhi ya watengenezaji waliiwekea GTX 1650 yao tundu la pini sita, chini ya jina lilelile, na tundu hilo huonekana vizuri zaidi baada ya kulipa.

Mwenye kukataa kushindwa hununua pawa saplai nyingine, ambayo lebo yake hutaja wati 500, andiko ambalo katika bidhaa za bei ya chini linafaa kusomwa kama dua kuliko kama kipimo. Anaporudi nayo hugundua kwamba plagi yake kuu ina pini 24, kama ilivyo desturi ya ulimwengu, ilhali Dell imeuwekea ubao wake plagi yake yenyewe yenye pini chache. Basi hununuliwa waya wa kubadilisha, na kwa kuwa pawa saplai hiyo mpya haitoshi ndani ya kasha jembamba, huwekwa juu ya meza, nje, huku nyaya zake zikiingia ndani kupitia mahali palipokuwa na mfuniko. Wengine huikimbia taabu hiyo kwa kununua RX 6400 ya mwaka 2022, ambayo ni fupi na haihitaji waya wowote, bila kuambiwa kwamba inatumia njia nne tu kati ya 16 za sloti, na kwamba katika ubao wa zamani wenye PCIe, yaani mfumo wa sloti hiyo, ya kizazi cha 3 kila njia hupitisha nusu ya data iliyokusudiwa, kwa hiyo kadi huingia, huwaka, na hukwamakwama pale tu mchezo unaponoga.

Kisha inafika saa ya kuwasha, ambayo fundi huifanya mashine ikiwa imelazwa juu ya kaunta, kabla swichi ya kasha haijaunganishwa, kwa kugusisha pini mbili ndogo za ubao kwa ncha ya bisibisi. Feni huzunguka, taa hung'aa, waliosimama karibu hupongezana, na skrini huandika kwamba hakuna ishara inayoifikia. Kama prosesa ni Core i3-12100F, au nyingine ya Intel yenye herufi F mwishoni, ambayo maana yake ni kwamba haina michoro ya ndani, inafaa kutazama kwanza kama kebo haikuchomekwa katika tundu la ubao mama badala ya la kadi. Mara nyingi ndiko iliko, na fundi huihamisha kimyakimya huku akiulizia habari za mpira. Kama skrini ni ya zamani, yenye plagi ya bluu ya VGA, tatizo ni zito zaidi, kwani kadi tangu GTX 1050 Ti hazitoi tena ishara ya analogi ambayo VGA huielewa, na ile kebo rahisi yenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili huingia barabara ncha zote mbili bila kupitisha chochote. Kinachohitajika ni adapta yenye chipu ya kubadilisha ishara.

Kuhusu kile kiswichi chekundu nyuma ya pawa saplai za zamani, kinachochagua baina ya volti 115 na 230, maneno machache yanatosha: mashine iliyotoka Marekani huenda ikawa imewekwa 115, umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240, na mlipuko wake husikika hadi duka la tatu.

Mwishowe mashine huwaka, na mjenzi aliyeshika risiti zake zote huweza kujumlisha kadi, pawa saplai, waya wa kubadilisha, adapta na nauli, akapata kiasi kinachokaribia sana bei ya kompyuta iliyokamilika ambayo muuzaji alimwonyesha siku ya kwanza naye akaiona ghali. Hubaki pawa saplai ya zamani ya wati 180, nzima kabisa, yenye plagi isiyofaa mashine ya chapa nyingine yoyote. Akiipeleka dukani, muuzaji huigeuza mara mbili, huipuliza vumbi, na huuliza kama mwenye nayo hana pia ile OptiPlex ya kwenda nayo.