Ukienda Hispania, Usipitie London

Hatua ya kwanza ya kujifunza Kihispania ni kumtoa Mwingereza kichwani. Muage kwa adabu, mshukuru kwa mitihani aliyokuvusha, kisha funga mlango. Wengi wetu hulibeba neno la Kihispania hadi kwenye Kiingereza, ndipo tulilete kwenye Kiswahili, likafika limechakaa. Njia ya mkato ipo, na iko kinywani mwako.

Fungua mdomo basi. A, e, i, o, u za Kihispania ndizo zile zile ulizoimba darasa la kwanza. Mwingereza huzihangaikia miezi. Wewe ulizimaliza kabla hujang'oka meno ya utoto. Ile ñ ni ny ya nyanya, ila usikisahau kiwimbi chake: año ni mwaka, ano ni tundu la haja kubwa. Anayetaka kutaja umri wake mbele za watu na akichunge sana hicho kiwimbi. Ukiwa Madrid, z ni th ya thelathini, na j inakaribia kh ya kheri.

Sarufi nayo isikutie homa. Mhispania hasemi anapenda chai. Husema chai inampendeza, me gusta el té, kama bibi yako angesema. Habla ni anasema, na hable ni aseme: a inageuka e, huko kama huku! Mwanafunzi Mwingereza hulia hapo. Na mtu aliyelelewa na vitabu vizuri, miti mizuri na maembe mazuri atashindwaje na ngeli mbili tu, ya kiume na ya kike?

Msamiati umeshaupata nusu bure. Wareno, walioanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, walituachia meza, mvinyo na bendera. Jirani zao Wahispania husema mesa, vino, bandera. Hata gereza lilianza kama kanisa, igreja kwa Kireno, iglesia kwa Kihispania. Waarabu, waliotawala sehemu za Hispania tangu 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, waliwaachia azúcar, ambayo ni sukari yetu, na hasta, ndugu wa hata. Hasta mañana ni mpaka kesho. Mimi nalipenda zaidi ojalá, lenye jina la Mungu ndani yake, linalotamkwa mtu anapotamani jambo litokee.

Jihadhari na sí. Kwetu si ni kukana, kwao ni ndiyo. Ukiulizwa kama unataka chai ya pili ukajibu si, itamiminwa.

Kazi ngumu ya kweli imebaki moja, nayo inawahusu hasa wenzetu ambao lugha zao za nyumbani huchanganya l na r. Pelo ni nywele, pero ni lakini, perro ni mbwa, na r hiyo ya mwisho lazima ingurume. Usiifanyie mazoezi kimya kimya kwenye simu. Ingia jikoni, shika mwiko, songa ugali, na kila ukigeuza useme kwa sauti: pelo, pero, perro. Majirani wakiuliza, wafundishe.