Mshauri Asiyeomba Hela ya Chai

Nunua kiwanja Goba au Kinyerezi leo, uone utakavyozungukwa na washauri kabla lori la kwanza la mchanga halijamwaga. Dalali atakwambia eneo limepimwa, bado hati tu. Fundi atakwambia kibali ni mambo ya maghorofa, nyumba ya chini inajengwa kwa kamba na bomba la maji. Mjumbe atakugongea muhuri kwenye karatasi ya mauziano, na ukiuona muhuri ule wa bluu roho inatulia kana kwamba amesaini Kamishna wa Ardhi mwenyewe. Jirani atakuonyesha kwake: "Mimi hapa mwaka wa kumi na mbili, nani kanigusa?" Ukijikongoja hadi manispaa, utaambiwa mhusika yuko saiti.

Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inamkataza mtu kuendeleza ardhi ya mji bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Katika msafara wote huo hakuna aliyewahi kunitajia jambo hilo. Aliyenitajia ni X nyekundu, ile inayochorwa ukutani mwa nyumba ya kubomolewa, na ndiye ninayetaka kumsifu leo, maana anasemwa vibaya mno kwa kosa la kusema kweli.

Kwanza, X humfuata mteja nyumbani. Humwambii mke wako kwamba leo unashinda mjini kufuatilia ramani. Huvai suruali ya kitambaa. Anakukuta na kanga kiunoni, mswaki mdomoni, na faili lako halijapotea kwa sababu faili ni ukuta. Pili, ana mwandiko mzuri. Barua za ofisini husema ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. X huandika herufi moja, na mtoto wa chekechea anaisoma akiwa upande wa pili wa barabara.

Tena hana upendeleo. Novemba 2017 Rais Magufuli, aliyefahamiana na X tangu enzi zake za uwaziri wa ujenzi, aliagiza kuwa jengo la makao makuu ya Tanesco pale Ubungo, kwa sehemu yake iliyoingia kwenye hifadhi ya barabara, liwekewe alama libomolewe. Jengo la Wizara ya Maji nalo halikusalimika. Nitajie mshauri mwingine mjini hapa anayeweza kumwambia mwenye umeme na mwenye maji kwamba wamejenga vibaya.

Na sheria anaijua. Ile ya barabara ya mwaka 2007 ilipoongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, mtu alilala nje ya hifadhi akaamka ndani yake bila kugeuka ubavu. Suala hilo lingewachukua mawakili juma zima. X alilimaliza kwa makopo mawili ya rangi: nyekundu, wewe umeifuata barabara, hulipwi; kijani, barabara imekufuata wewe, utalipwa. (Lini, hilo si la rangi. Kijani hupauka kama rangi nyingine yoyote.) Subira yake nayo ni ya kupigiwa mfano. Kutoka Ubungo hadi Kiluvya hifadhi ya Barabara ya Morogoro ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, kwa hoja zenye mizizi kwenye sheria ya mwaka 1932. Watu wakajenga, wakavutiwa umeme, wakalipia kodi ya majengo, wakazaa, wakajukuu. X akangoja. Mwaka 2017 matingatinga yakapita Kimara. Miaka 85 bila hata kuulizia posho!

Mimi mwenyewe nilikwenda ofisi moja mara saba kuuliza ukuta wangu uanzie wapi. Mara ya saba nilishawajua walinzi kwa majina ya watoto wao. Nikachoka, nikajenga. Asubuhi moja nikamkuta kijana mwenye kopo na brashi anamalizia mguu wa pili wa X kwenye kona ya ukuta, taratibu, kama anayechora kibao cha duka. Nikapandisha sauti. Akanisikiliza, kisha akanieleza: "Mzee, umeingia barabarani hatua tatu. Na lile karo la choo litoe pale, ni njia ya maji, masika utalia." Dakika mbili. Nilichokitafuta miezi miwili nimeletewa mlangoni, na nyongeza ya karo juu. Hakuomba hata hela ya chai. Aliomba maji ya kunywa.

Wanaomlaumu wanasema huja kwa kuchelewa, nyumba ikiwa imeshapauliwa. Lakini jamani, angeandika wapi? Kwenye nyasi? Yeye ni mwandishi wa ukutani, na sisi ndio tunaompigia lipu na kumlainishia ubao. Ukipaka rangi nyeupe ya gharama ndiyo kabisa, anang'aa.

Hata hivyo nina ombi kwa wakubwa wa mipangomiji. Kijana yule mpeni kiti pale dirisha la kwanza, na kopo lake, na kalamu nyekundu badala ya brashi. Mwananchi akifika na ramani, hata iliyochorwa na fundi nyuma ya kalenda, amchoree X yake hapo hapo kwenye karatasi, amwonyeshe hatua tatu ziko wapi na maji yanapita wapi. Karatasi haijanunuliwa bati. Mimi yangu ilinigharimu tofali mia nne na siku mbili za fundi, na karo bado sijalitoa.