Sevo na Ufagio wa Shosho

Mwezi wa kumi na mbili fundi cherehani wa Eastlands halali. Sare za Januari zinamngoja. Mimi nilikuwa na sketi 40 za shule sebuleni kwangu Komarock, ghorofa ya pili, juu kabisa ya kichwa cha shosho mmoja mcha Mungu mwenye ufagio wa mti mrefu.

Mota yangu ya zamani ilikuwa ya klachi. Hiyo ukishaiwasha inazunguka tu, karibu mara 2,850 kwa dakika, hata kama wewe umekaa unakoroga chai. Shosho akagonga dari mara tatu. Asubuhi tukakutana kwenye ngazi. "Kijana wangu, kwani umefungua kinu cha unga huko juu?"

Nikashuka tao, nikanunua mota ya sevo. Muuzaji aliapa kwamba hata mtoto mchanga hataamka, na ni kweli sevo hukaa kimya mpaka ukanyage pedeli. Ndani ya boksi mlikuwa na mota, kisanduku cha vitufe, karatasi ya maelezo kwa Kichina na vipira vinne vyeusi. Vipira nilidhani ni vya kuzuia mzigo usigongane njiani. Mama watoto akaviokoa, akaviweka chini ya miguu ya friji.

Usiku huo nikakanyaga pedeli. Mota ikalia nyiii kama mbu aliyemeza maikrofoni ya kanisa, na mkasi ukaanza safari kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Chini: ko, ko, ko.

Neno sevo asili yake ni Kilatini, mtumwa. Mfaransa Joseph Farcot, aliyeitumia mitambo ya namna hiyo kugeuzia usukani wa meli, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1873. Mtumwa wangu alikuwa mtiifu kupita kiasi. Sensa humwambia amefika wapi. Akiona amechelewa kidogo anatimua mbio, akipitiliza anarudi kwa mbio zilezile. Ni kama mwanafunzi wa udereva pale Kangundo Road: gari likielekea kushoto kidogo anakata kulia mzimamzima, kisha kushoto, mpaka mwalimu anashika dashibodi na kuanza kusali. Ile nyiii ilikuwa sala ya mwalimu.

Karatasi niliisomesha kwa simu. Simu ikatafsiri mstari mmoja kuwa "ugumu wa farasi". Baadaye nilielewa kwamba neno mota kwa Kichina huandikwa kwa herufi ya farasi, na ugumu ndio ile nguvu anayotumia kujisahihisha. Farasi wangu alikuwa 9. Nikamshusha mpaka 2, akawa mvivu: unakanyaga, anawaza kwanza, halafu sindano inashuka wakati kidole chako kimeshafika. Nikafunga kidole kitambaa, nikamwacha kwenye 4. Nyiii ikaisha.

Mtetemo ukabaki, tena kwa kasi moja tu. Polepole, shwari. Mbio, shwari. Katikati, pale pale ninaposhonea pindo, meza yote inaitikia, kama matatu ambayo vioo vyake hupiga kelele kwenye mwendo fulani na kunyamaza ukiupita. Nikakaza skrubu, nikalegeza mkanda, nikasukumia kadibodi chini ya meza. Wapi! Kijana wangu wa miaka sita, aliyekuwa akichezea boksi, ndiye aliyeuliza mbona kwenye picha mota ina vitu vyeusi kwenye boliti.

Macho yangu yakaelekea jikoni, taratibu.

Tuliinua friji saa nne usiku, mimi na mama watoto, bila kusemezana. Vipira vikaingia kwenye boliti, nikakanyaga. Kilichosikika ni sindano peke yake. Nikapinda sketi saba mfululizo na chini kukawa kimya, hata nikaanza kuhofia afya ya shosho.

Saa sita nikazima taa, nikajilaza. Friji ikajiwasha, ikatetemeka mpaka vikombe vikagongana.

Ko, ko, ko.