Nyota Isiyotua

Jirani yetu ni mkarimu: tangu Desemba ianze anatugawia mwanga bila kuombwa. Taa za Krismasi zimezunguka ukuta, zimepanda mwembe, zimefika hadi kwenye tangi la maji, nyekundu, kijani na buluu, zikikonyeza mpaka alfajiri. Mimi na darubini yangu uani tumebaki kulitazama tangi.

Jicho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza. Taa za jirani zalirudisha mwanzo kwa konyezo moja. Vimondo vya Jeminidi, ambavyo hufikia kilele karibu na Desemba 14, bila shaka vilipita. Kilimia nacho, babu zetu walikitazama kwa macho matupu wakajua msimu wa kulima. Mimi mwenye lenzi siwezi kukiona.

Nilipomgusia, akanionyesha kwa fahari nyota ya plastiki kileleni mwa mwembe.

“Si unapenda nyota, jirani? Hii haitui.”

Kweli haitui. Ile ya Bethlehemu iliwaongoza mamajusi. Hii inaongoza kumbikumbi wa mtaa mzima. Nikabaki kuomba umeme ukatike. Jana ukakatika, nikakimbilia uani. Sijaondoa hata kifuniko cha lenzi, nikasikia jenereta yake ikinguruma.