Kompyuta Inayohema

Nyumba yetu ya kupanga hapa Manyovu ina mita moja ya LUKU na vyumba vingi, na uniti zikiisha kabla ya siku zake mshtakiwa ni yuleyule: kompyuta yangu. Ushahidi ni mzito. Ina vitaa, ina feni, na usiku, kwa maneno ya mama wa chumba cha pili, "inahema". Kinachohema kinakula.

Zamani mkoani kwetu, Kasulu na Kibondo zilipotegemea jenereta za dizeli, kabla ya gridi ya taifa kufika mwaka 2022, lawama zote zilikuwa za jenereta. Sasa imebidi tulaumiane wenyewe.

Kikao kikakaa uani. Mwalimu wa chumba cha mbele, bingwa wa hesabu, akasoma kibandiko cha kompyuta: wati 300. Akazidisha kwa saa 24, kwa siku 30, kwa shilingi 356 za uniti, kodi na tozo zikiwemo. Jawabu: karibu shilingi 77,000 kwa mwezi. Uani kote miguno. Hata mimi niliguna.

Hesabu ilikuwa safi. Kasoro ni kibandiko. Wati 300 ni kikomo cha mashine, si mlo wake wa kila saa. Kompyuta ya kuchapa barua za watu, pamoja na kioo chake, hula kama wati 100. Saa nane kwa siku ni uniti 0.8, yaani shilingi 8,500 hivi kwa mwezi. Hili sikuulizwa, nami sikujipendekeza.

"Wazee wangu," nikasema, "tuzime vyote, tuiulize mita." Taa yake nyekundu humeta mara 1,000 kwa uniti. Kompyuta ikiwa peke yake ikameta, ikapumzika zaidi ya nusu dakika, ikameta tena. Watu walianza kupiga miayo. Ghafla ikashikwa na degedege.

"Nani kawasha nini?"

"Mimi, Mwalimu," mkewe akaitika kutoka ndani. "Si maji yako ya kuoga!"

Hita ya wati 1,500. Kwa baridi hii ya milimani, ndoo moja huchukua dakika 20, nusu uniti, na nyumba ya Mwalimu inaoga ndoo nne kwa siku. Hiyo ni zaidi ya 21,000 kwa mwezi.

Mwalimu alikohoa, akatukumbusha kuwa usafi ni afya. Kikao kikaafikiana: hita isiguswe, kompyuta ichangie shilingi 5,000 kwa kuhema.

Nililipa palepale, kabla hawajapiga hesabu upya.